Flai 24 na mabadiliko manne kwa mpigo: kisa cha kijana anayejifunza kufunga, Malindi

Kisa hiki nimekiandika kwa wanaofundisha kufunga flai na wanaojifunza, yaani vile vichambo bandia unavyovifunga kwa uzi, nywele na manyoya juu ya ndoana. Kilitokea hapa Malindi. Jina la kijana nimelitoa, mtaa wao nimeutoa, boti haitajwi na nahodha atabaki nahodha tu. Kijana mwenyewe nimemsomea yote kabla, akaniambia nisiifute ile sehemu aliyokasirika, kwa hiyo ipo.

## Usuli

Uvuvi wa wageni Malindi ni wa miaka mingi na wengi wao huja kutafuta sulisuli, boti inavuta mishipi mizito nyuma mpaka samaki ashike. Watu wa flai ni wachache na mambo yao ni tofauti kabisa, fimbo nyepesi, mshipi mnene, na kichambo chenyewe hakina uzito wa kurushika, ule mshipi ndo unaokibeba hewani. Hakina harufu, hakina damu, hakina nyama. Kitu kikubwa kinachomdanganya samaki ni vile nywele zinavyocheza ndani ya maji, ndo maana swali la umefungia nini linanikosesha usingizi kuliko swali la umefunga vipi.

Mgeni akimaliza boksi lake kwa meno ya mzia na kwa mawe, nahodha anaanza kupiga simu huku na huku, na simu mojawapo inaishia kwangu. Mimi nafunga miaka kumi na kitu sasa. Nilijifunza kwa kuzifungua flai zilizoharibika walizoacha wageni, mzunguko mmoja mmoja wa uzi, nikihesabu.

Kijana alikuja ana miaka 19, amemaliza fomu four, babake ni mvuvi wa mshipi na mamake anauza viazi karai na bajia jioni. Mikono yake ilishazoea, fundo la ndoana alikuwa analifunga gizani tangu yuko darasa la tano. Pesa ndo hakuwa nayo. Pakiti moja ya nywele za kufungia kutoka nje, ukiongeza usafiri na ushuru, ilizidi kile mamake anachouza siku nzima. Kwa hiyo tukakubaliana ajifunze kwa vitu vya hapa hapa, vya sokoni, vya machinjioni, vya saluni, vya fundi bomba. Vifaa vilikuwa vaisi moja ndogo ya kushikia ndoana, mkasi wa kucha, uzi wa cherehani wa poliesta, supa glu, na ndoana za chuma kisichoshika kutu namba 1/0.

## Wiki mbili za kwanza, flai moja nyeupe basi

Nilimuanzisha na Clouser. Hii aliibuni Bob Clouser wa Pennsylvania, Marekani, mwaka 1987 kwa ajili ya samaki wa mto Susquehanna, na baadaye ikaja kuvua karibu kila kitu baharini. Kufunga kwake si kugumu ila kuna jambo moja lazima ulielewe: yale macho mazito, yaani vile vidude viwili vya chuma vinavyoipa flai uzito, unayafunga juu ya shina la ndoana, upande wa mgongo. Ikiingia majini ule uzito unaenda chini, flai inapinduka, ncha inatazama juu, kwa hiyo haishiki mawe hovyo. Ukivuta inapanda, ukiacha inazama kichwa mbele kama dagaa aliyeumia. Uzito na nywele vikikosana hapo, flai nzima imeharibika hata kama umeifunga vizuri kama pete.

Wenyewe Marekani hutumia nywele za mkia wa paa wao mwenye mkia mweupe, wanaziita baktaili. Sisi tulitumia nywele za mbuzi mweupe. Baktaili ukiikaza na uzi kwenye mzizi inafura, inajitanua, na kufura kule kunasaidia kuishika. Ya mbuzi haifuri, inateleza. Flai zake za mwanzo ukizivuta nywele zinatoka shada zima mkononi. Nikamwonyesha achukue kidogo kidogo, azifue kwa sabuni ya unga, azikaushe kivulini, azichane kwa kitana cha chawa ili zile sufi fupi za chini zitoke, halafu afunge kishada chembamba, tone la gundi, kishada kingine juu yake. Ilipofika flai ya 15 hivi nikaivuta kwa nguvu na haikutoka kitu.

## Wiki ya tatu, "jaribu chochote"

Siku moja akaniuliza, "Ami, lazima ziwe nyeupe zote?" Nikamjibu, la, wewe jaribu chochote.

Hilo neno ndo naliona sasa kama kosa la kwanza kwenye kisa hiki, na ni langu. Kwa sababu alijaribu kweli. Wiki ile ile alikuja na nyuzi alizozichomoa kwenye gunia la plastiki la mchele, rasta za kusukia za pakiti mbili tofauti, kamba ya nailoni aliyoifumua, pakiti za krispi alizozikata vipande vyembamba kama nywele zing'ae, manyoya ya kifua cha jogoo, shanga za kushonea nguo, na chubwi za zamani za babake, vile vipande vya madini ya risasi vya kuzamishia mshipi. Akatandika leso mezani akazipanga flai kumi na moja. Zilikuwa nzuri mno, moja ilikuwa na mgongo wa buluu na tumbo jeupe na mstari wa fedha ubavuni, ungesema ni dagaa katoka kwenye wavu sasa hivi. Nikazisifu. Nilizisifu zikiwa kavu.

Kati ya vitu alivyoleta viwili nilivikataa hapo hapo. Cha kwanza manyoya ya waridi ya heroe, wale flamingo, aliyookota mdomo wa mto Sabaki. Rangi yake mtu anaitamani kweli, lakini Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inakataza kuwa na kitu cha mnyamapori bila kibali, unyoya uwe umeuokota au la, na kijana wa miaka 19 hawezi kuanza kazi na kesi. Cha pili kilinitisha zaidi, alikuwa ameyeyusha zile chubwi kwenye sufuria jikoni kwa mamake ili atengeneze macho. Risasi ni sumu, mvuke wake na vumbi lake vinaingia mwilini na vinakaa, na watoto ndo wanaoumia zaidi. Mtu wa pwani anayetaka kujua risasi inafanya nini aulize habari za Owino Uhuru kule Mombasa, mtaa ambao watu wake waliumizwa na risasi ya kiwanda. Nilikwenda mwenyewe kumweleza mamake, sufuria ile ikatoka jikoni siku hiyo hiyo na sakafu ikafutwa kwa kitambaa kibichi, haikufagiwa.

Badala ya risasi nikampa wazo la kile kimnyororo cha shanga za chuma kinachoshikilia kizibo cha sinki. Kinapatikana kwenye maduka ya vifaa vya fundi bomba, unakata shanga mbili mbili kwa koleo na tayari una macho ya flai. Si kizito kama risasi lakini kwa maji ya kina cha kiuno kinatosha sana.

## Oda ya nahodha

Wiki ya tano nahodha mmoja akaja anataka flai 24. Ana wageni watatu, siku mbili, wanatafuta kolekole kwenye kina kifupi. Ilikuwa kaskazi, maji safi, bahari imetulia. Muda ni siku nne. Kijana akaniangalia, mimi nikaangalia flai zake za mbuzi ambazo zilishakuwa imara, nikasema chukua.

Sikuuliza ana nywele za mbuzi kiasi gani. Zilikuwepo za flai sita tu, na wiki ile machinjioni hawakuwa wamepata mbuzi mweupe hata mmoja.

Nataka niyaeleze maamuzi yake vizuri kwa sababu nimesikia watu wakisema alifanya uzembe na si kweli, kila moja lilikuwa na sababu. Nywele zimeisha, akaingia kwenye rasta nyeupe, akachanganya zile pakiti mbili manake kwa macho zilikuwa sawa. Aliogopa nywele kuteleza, akaacha uzi wa cherehani akachukua uzi wa nailoni wa fundi viatu kwa sababu ni mnene na haukatiki. Kimnyororo kilikuwa kimeisha dukani, akaweka shanga za nguo. Supa glu ikaganda kwenye chupa usiku wa mwisho, akaomba kutekisi ya dadake akapaka kwenye vichwa. Kutekisi wenye kazi hii wanaitumia dunia nzima, hakukosea hata kidogo kuifikiria.

Mabadiliko manne kwa mpigo, kwenye flai 18 kati ya 24, na hakuna hata moja iliyolowa maji kabla ya kuingia kwenye boti.

## Zilivyorudi

Flai 19 zilirudi, tano zilibaki na samaki au mawe. Kati ya zile 19, tisa zilikuwa zinazunguka kama pia kila zikivutwa mpaka mshipi wa mbele ukajisokota, sita zilikuwa zimenyofoka nywele, na nne zilikuwa sawa. Zile nne zote zilikuwa za mbuzi. Nahodha hakupiga kelele, alizimwaga mezani akasema, "Wageni wangu wameshinda wakifungua mafundo badala ya kuvua." Akalipa nusu. Mimi nilimuona ametenda haki, kijana hakumuona hivyo.

"Ami, wewe ndo ulisema nijaribu chochote," akaniambia, na sauti yake ilikuwa inatetemeka. Akachukua mkasi wake akaondoka.

Nilipokaa peke yangu na zile flai nikagundua kitu kibaya kuliko hasara ya pesa. Nilikuwa siwezi kumwambia kosa liko wapi. Flai inazunguka, je ni shanga hazina uzito, au ni rasta, au ni kishada kimekaa upande? Nywele zimenyofoka, ni uzi au ni kutekisi? Kila flai iliyoharibika ilikuwa na vitu vyote vinne vipya, kwa hiyo kila kimoja kilikuwa mshukiwa na hakuna shahidi. Tulikuwa tumepoteza flai 20 na hatukujifunza lolote.

## Siku ambazo hakuja

Siku nane. Nilidhani ameacha. Siku ya nane mamake akapita kwangu na karai yake kichwani akasema, "Fundi, mwanangu halali, yuwakata nywele usiku kucha halafu azitupa ndani ya ndoo."

Ndani ya ndoo. Nikamwambia, mama, mwambie aje na hiyo ndoo.

Kumbe alikuwa peke yake nyumbani, bado amekasirika, amefunga flai moja moja na kuitupa kwenye ndoo ya maji kuangalia inakaaje. Hakuna aliyemwambia. Mimi nilichofanya baada ya hapo ni kumpangia tu kile alichokwisha kukianza.

## Glasi ya maji na tone la sabuni

Tulianza na rasta. Nikakata kipande cha urefu wa kidole kutoka kila pakiti, nikaweka glasi mbili za maji mezani, nikamwambia atie. Vyote viwili vikaelea. "Si unaona, zote zaelea," akasema. Nikamwambia angoje. Nikachovya ncha ya njiti kwenye sabuni ya maji ya vyombo, tone moja kila glasi, kisha akabonyeza vishada kwa vidole mpaka vipovu vya hewa vikatoka. Alipoachia, kishada cha kwanza kikaanza kushuka, taratibu, nywele zimetanuka kama mkono unaofunguka, kikakaa chini. Cha pili kikapanda juu kikatulia usoni pa maji, na hata alipokizamisha kwa kijiko kilirudi juu pale pale.

Alikaa kimya muda mrefu akiangalia zile glasi. Halafu akasema, "Kwa hivyo ndani ya flai moja nimefunga ya kuzama na ya kuelea." Ndo hivyo.

Sababu yake ni hii. Rasta kwa jina ni kitu kimoja lakini viwandani ni vitu vingi, nyingine ni modakriliki, nyingine poliesta, nyingine polipropilini. Lita moja ya maji ya bahari ina uzito wa kilo 1.025 hivi. Polipropilini ni kama 0.9, kwa hiyo itaelea upende usipende. Nailoni ni 1.14, poliesta ni 1.38, hizo zinazama. Na gunia la mchele ni polipropilini pia, ndo maana ile flai yake nzuri ya mgongo wa buluu ilikuwa inalala ubavu kwenye ndoo, nyuzi za gunia zinavuta juu na shanga hazina nguvu ya kuvuta chini. Sabuni inahitajika kwa sababu nywele kavu hushikilia hewa na uso wa maji huzibeba, ukiangalia haraka utadanganyika kuwa kila kitu kinaelea.

Baada ya hapo tukaweka utaratibu. Flai ya mbuzi yenye uzi wa cherehani, macho ya kimnyororo na supa glu ikawa ndo mama. Kila flai mpya inatofautiana na mama kwa kitu kimoja tu. Tatu za kila aina, anaandika kwenye daftari, zinakaa ndooni usiku mzima, asubuhi anazivuta kwenye vidimbwi vya miamba maji yakipwa, na mwisho anaikamata kila moja kwa koleo na kuichuna. Vidimbwi tulichagua nje ya hifadhi ya bahari, ile iliyotengwa 1968, kule ndoana haiingii hata ya kujaribia. Siku za bamvua zilikuwa bora zaidi manake maji yanapwa mbali na vidimbwi vinabaki vingi, maji mafu tulikuwa tunabakia na ndoo tu.

Dadake, ambaye ni msusi, ndo aliyetatua kitu ambacho mimi nilikuwa nacho miaka yote bila jibu. Flai za rasta zilikuwa na mkia uliokatika butu kama brashi ya rangi. Dadake akaangalia mara moja akasema, mbona hujazichambua ncha? Akachukua kishada, akavuta nywele chache kutoka upande mmoja, chache kutoka wa pili, akarudia mara nne tano mpaka ncha zikapishana zikawa nyembamba taratibu kama mkia wa samaki. Ni kile kile wanachofanya kabla ya kusuka ili rasta isiishie butu. Na akaongeza, ukitaka zinyooke chovya maji moto. Nimeshafunga maelfu ya flai na hilo sikulijua.

## Matokeo

Wiki tatu za daftari zilitoa majibu ambayo sikuyatarajia. Kati ya yale mabadiliko manne, mawili hayakuwa na kosa. Rasta ya kuzama ilikuwa nzuri kuliko mbuzi, inashika vizuri zaidi, haioti ukungu, na wadudu hawaili. Kutekisi ilikuwa sawa kabisa ikipakwa mara mbili juu ya uzi mwembamba na kuachwa ikauke usiku. Waliotuharibia walikuwa shanga na ule uzi wa fundi viatu. Shanga za plastiki hazina uzito wa kuipindua flai, kwa hiyo haijui ilalie wapi, inazunguka. Uzi wa nailoni ukikazwa unavutika, ukinywa maji unalegea, na kwa vile ni mnene unazunguka mara chache tu na kuacha mapengo, nywele zinapenya. Kutekisi ilikuwa imekaa juu ya mapengo yale kama rangi juu ya ukuta uliopasuka.

Na nyuzi za gunia zikapata kazi. Tulizifunga upande wa ncha ya ndoana, macho ya chuma upande wa pili. Gunia linavuta juu, chuma kinavuta chini, flai inasimama wima hata ukiisimamisha kabisa. Hiyo aliibuni yeye. Mimi nilipinga mwanzo, nikidhani itaelea, mpaka aliponiwekea ndooni.

Oda ya pili tuliikubali ya flai 12 tu, nahodha yule yule, na kabla ya kumpa kila moja ililala majini usiku. Zilirudi tisa. Mbili zilikatwa na mzia, moja ilibaki kwenye mwamba. Kati ya tisa moja ndo ilikuwa imelegea kichwa, nyingine zina alama za meno tu. Kolekole wa kilo sita hivi alishika ile ya gunia. Nahodha alilipa yote na akamrudishia kijana ile nusu ya kwanza bila kuombwa.

## Uchambuzi

Watu wanaoniuliza kuhusu kisa hiki wanataka kusikia kwamba malighafi za hapa ni duni. Hazikuwa duni. Kilichokosekana ni kuzijua zikiwa zimelowa. Mkononi rasta mbili ni sawa, majini moja ni jiwe na moja ni boya, na macho yetu sote wawili, mwenye miaka kumi na mwenye wiki tano, yalishindwa kuzitofautisha. Glasi na sabuni zinagharimu karibu na bure na zinachukua dakika mbili. Ningeanza nazo wiki ya kwanza.

Kuhusu lile neno langu la "jaribu chochote", bado naamini kijana alihitaji uhuru, na bila ule uhuru gunia lisingepatikana. Lakini uhuru nilimpa kabla hajawa na flai ya kulinganishia iliyoandikwa kwenye daftari, kwa hiyo kila alichojaribu kilikuwa kinaelea hewani peke yake. Na kosa langu kubwa zaidi lilikuwa oda. Kujaribu na kuuza nilivichanganya kwenye meza moja. Mtu anapofunga kwa haraka ya siku nne hajaribu kitu, anaziba pengo, na kitu cha kuziba pengo hata kikifanya kazi huwezi kujua kwa nini. Oda ile ilitakiwa iwe flai sita za mbuzi, basi, na nahodha aambiwe ukweli kwamba ndo zilizopo.

Kukasirika kwake sikukutibu vizuri pia. Ningemfuata siku ya pili. Nilikaa nikingoja aje kuomba radhi wakati mwenye neno la kusema nilikuwa mimi, na siku nane kwa mtu wa umri ule ni nyingi, angeweza kutumbukia kwenye mambo mengine kabisa. Aliokolewa na ndoo yake na mama aliyekuwa anaangalia.

Manyoya ya jogoo yalitushinda mara mbili. Kwanza alitumia ya kifua, ni laini, yakilowa yanajikunja kama kitambaa. Yanayofaa kwa mkia ni ya shingo na ya kiunoni, marefu, membamba, yana mshipa mgumu katikati. Tulipopata yenyewe tukayaweka kwenye kopo bila kuyafua vizuri, wadudu wakayala yote wiki mbili. Sasa yanafuliwa, yanakauka kabisa, yanakaa kwenye mfuko uliofungwa na dawa ya nondo. Pakiti za krispi nazo zinapendeza siku ya kwanza, chumvi ikizikuta ule weupe wa fedha unabanduka unabaki na plastiki tupu, kwa hiyo tumeziacha. Vipande vyote vya plastiki tunavyokata vinaingia kwenye chupa mezani, havipeperuki kwenda ufukweni.

Kuna jambo moja majaribio yetu hayakuligusa na lilituumbua mvua zilipoanza. Kila kitu tulikijaribu kaskazi, maji safi. Sabaki ilipofurika na bahari ya Malindi ikawa rangi ya chai ya maziwa, zile flai nyeupe nzuri hazikushika chochote siku tatu mfululizo. Kijana mwenyewe alichukua flai moja akaizamisha kwenye ndoo ya maji ya mtoni, kina cha kiganja tu, ikapotea. Akazamisha kipande cha rasta nyeusi kando yake, kikaonekana kivuli chake wazi. Akafungua ukurasa mpya wa daftari akaandika juu "maji machafu", akaanza upya, flai mama ile ile, amebadili rangi tu. Wakati naandika hii kuna flai sita nyeusi zimening'inia kwenye uzi dirishani kwangu, nywele za mbuzi mweusi wa mjomba wake, kutekisi bado haijakauka, na kesho maji yanapwa saa moja asubuhi.